Bwawa Lililojaa Mchanga

Dada yangu alinipigia simu nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la shangazi, Sultan Hamud, nikimpimia fundi mmoja misumari. Nilishtuka kabla hata ya kupokea. Saa kama hiyo kule Kanada yeye huwa kazini, na kazini kwao simu hufungiwa kabatini. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili nilikuwa nimeshamfukuzisha kazi, nimemlaza hospitalini na kumrudisha nyumbani bila sanduku.

"Wakili," akasema. Ndivyo alivyonibatiza tangu utotoni, kwa vile mimi hutetea kesi ambazo bado hazijafunguliwa. "Uko na nafasi?"

"Umefukuzwa?"

"Pole pole. Niko mapumzikoni tu. Nataka uende nyumbani unipigie lile bwawa video."

Fundi aliuliza kama misumari yake ni ya leo au ya Krismasi. Nikamfungia, nikaketi juu ya mfuko wa simenti ili nisikie vizuri.

Dada ni injinia wa maji. Alienda kule kusoma shahada ya pili, akaimaliza, akapewa kibali cha kufanya kazi kwa muda, kisha akaomba ukaazi wa kudumu. Yeye huuita tu makaratasi. Tangu aombe alikuwa anangoja, na shida haikuwa kungoja kwenyewe bali yale ambayo watu hawamwachi afanye akiwa anangoja. Aliitwa kwenye mahojiano mengi. Yalienda vizuri, watu wakacheka naye, wakampeleka kuona ofisi, halafu mwishoni mmoja akauliza kama ana ukaazi wa kudumu. Alipojibu kwamba ameomba, walimshukuru kwa upole. Aliniambia siku moja kwamba upole ule ndio uliokuwa ukimchosha. Hakuna aliyetaka kumfundisha kazi mtu ambaye kibali chake kina mwisho unaojulikana na makaratasi yake hayajulikani yatatoka lini.

Basi alikuwa anafanya kazi ambayo hakuna aliyemuuliza swali hilo. Alikuwa anakunja shuka za hoteli katika kiwanda cha kufulia. Na kadiri alivyokaa kwenye shuka, ndivyo waajiri wengine walivyoanza kumuuliza kwa nini amekaa mbali na maji.

Sasa kampuni moja ndogo, inayoshughulikia mifereji na vijito vya mashambani, ilikuwa imemhoji bila kugusa makaratasi. Mkuu wao alimwambia hivi tu: tuonyeshe kitu ulichojenga, na kiko katika hali gani leo.

"Na mimi nimejenga nini peke yangu zaidi ya lile la nyumbani?" dada akasema. "Kwingine kote nilikuwa nashikia watu wakubwa kipimo."

"Wakikataa je?"

"Wakili. Wewe piga video kwanza, halafu tutakataliwa baadaye."

Shangazi aliniruhusu, lakini akanitaka niipange misumari kwanza.

Kwetu ni upande wa Kanyangi. Nyuma ya boma letu kuna mto ambao una maji ya kuonekana wakati wa mvua tu, pengine siku chache, na mwaka uliobaki ni barabara pana ya mchanga. Dada alipomaliza chuo kikuu aliushawishi mwethya wa Mama wajenge ukuta kuukata mto huo. Mwethya ni kundi la majirani, karibu wote akina mama, wanaolimiana mashamba kwa zamu, na kazi ikiwa kubwa kuliko boma moja wanaiingia wote pamoja. Dada alizunguka mle mtoni na chuma kirefu akikigonga chini kutafuta mwamba, na wao wakabeba mawe kwa migongo. Ukuta ukasimama. Mvua zilipokuja, mafuriko yakaleta mchanga, mchanga ukalala nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu mpaka ukafika juu kabisa.

Nilikuta Mama na wenzake wakipukuchua mbaazi chini ya paa la jikoni. Mwenyekiti wa mwethya, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, hakuningoja hata niketi.

"Injinia wetu anawajengea nini huko?"

"Bado anangoja makaratasi," Mama akajibu haraka. Yeye alijua habari ya shuka. Wenzake hawakujua. Hakuwahi kuwadanganya, lakini alikuwa amejifunza kujibu kwa namna inayofunga mlango taratibu.

"Bado? Hiyo karatasi imekaa tumboni kuliko mimba ya punda."

"Punda akimaliza mwaka anazaa," akasema mwingine. "Hiyo ya wazungu ni ya ndovu."

Walicheka, na Mama akacheka nao, lakini niliona mikono yake imesimama juu ya mbaazi. Nikawaeleza kwamba kuna watu wanataka kuona bwawa, na wakiridhika huenda wakampa kazi yake halisi, makaratasi au bila makaratasi. Sikusema neno lolote kuhusu shuka. Nikafikiri kwamba pengine neno "halisi" limeshasema kila kitu, nikalijutia mpaka jioni.

"Kwa hivyo ni wageni," mwenyekiti akasema.

"Ni kama wageni."

"Basi tutafagia."

Ningependa kusema kwamba nilipinga. Ukweli ni kwamba nililipenda wazo hilo kuliko wote. Usiku ule nilikuwa nimeshafikiria pembe ya jua, kivuli changu, kelele za mbuzi, na kama leso yenye maandishi inaweza kueleweka vibaya. Kwetu mgeni akija uwanja hufagiwa, hata kama ni vumbi tupu, ukabaki na mistari ya ufagio. Asubuhi akina mama walishuka mtoni na matawi. Wakaondoa mavi ya punda. Wakaondoa matawi ya miiba yaliyozungushiwa visima, yale mashimo wanayochimba mchangani kuteka maji, na mashimo yenyewe wakayasawazisha kwa miguu kwa sababu, mwenyekiti alisema, yanaonekana kama mahali nguruwe mwitu wamelala. Kuchimba kisima kingine si kazi, ni jambo la kila siku. Kisha wakafagia mto, kutoka ukingo hadi ukingo, wakirudi nyuma ili wasikanyage.

Ulipendeza sana. Ukuta wa mawe ulikuwa mzima, bila ufa, na nyuma yake mchanga ulikuwa umetanda mweupe, umejaa hadi mdomoni, safi kama meza iliyopanguswa. Nikapiga video nikienda polepole. Akina mama walisimama juu ya ukuta na leso zao nzuri, bila kutabasamu, kama inavyofaa kwa jambo zito. Mwenyekiti akasema maneno ya Kiingereza aliyoyafanyia mazoezi: dam ni full.

Nilipanda hadi mlima ulio karibu na shule, mahali panaposhika mtandao, nikaituma. Dada akajibu kwa ujumbe wa sauti, na ilikuwa sauti ya mtu aliyelia. "Limejaa," alisema. "Haki limejaa mpaka juu. Nilipoondoka lilikuwa nusu." Akaipeleka kwa wale watu siku hiyo hiyo.

Nililala vizuri, na jambo hilo lenyewe lilipaswa kunitia wasiwasi.

Nilibaki nyumbani nikisubiri jibu. Asubuhi nilimsaidia Mama kuchota maji, jioni nilikaa na simu. Nina ombi langu mwenyewe la kwenda kusoma huko huko, ambalo nilikuwa nimelijaza mtandaoni mpaka ukurasa wa mwisho na kuliacha hapo. Kila nilipotaka kulituma nilisoma kwanza maandishi ya watu wanaongoja: mfamasia anayepanga rafu dukani, daktari wa mifugo anayewaogesha mbwa wa watu. Nilijiambia kwamba jibu la dada likija, nitajua langu. Ni njia mbaya ya kuamua, lakini nilikuwa sijapata nyingine.

Jibu lilikuja kupitia kwa dada, asubuhi, Mama akiwa kando yangu anachagua mawe kwenye muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa.

"Wamenishukuru kwa ukweli wangu," dada akasema.

"Ukweli gani?"

"Wanasema si wengi wanaoweza kuonyesha mradi ulioharibika. Wameuliza lilijaa mchanga mwaka wa ngapi, na kama kuna mpango wa kulizoa."

Sikuelewa. Nikaiweka simu itoe sauti ili Mama asikie. Dada akarudia. Mama akaacha muthokoi.

"Wanazoa nini?" akauliza.

"Mchanga, Mama. Kwao bwawa likijaa mchanga limekufa. Maji yanakosa pa kukaa."

"Lakini si maji yamo ndani ya mchanga?"

"Mimi najua. Wewe unajua. Mbuzi wanajua." Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha kuishiwa nguvu. "Nimeitazama hiyo video labda mara kumi na sikuona. Nimesomea maji miaka yote hii, na nimewapelekea wazungu jangwa lililofagiwa."

Nilitaka ardhi inifunike. Nilikuwa nimehangaikia leso, kivuli na mbuzi, na jambo moja la kuhangaikiwa nikalipita. Sisi tumekulia juu ya mchanga ule. Tukiuona umejaa tunasema bwawa limejaa, kama vile mtu anavyoona gunia limevimba na kujua lina mahindi, bila kulifungua. Na kile ambacho kingefungua gunia lenyewe, yale mashimo yenye maji, tuliyafukia kwa miguu yetu kwa ajili ya heshima.

"Nimekuharibia," nikasema.

"Usinianze. Nimewaambia si mchanga mtupu. Mkuu wao amesema anataka kuelewa, tutaongea tena keshokutwa. Nahitaji waone maji. Na wakili, hiyo ndiyo nafasi ya pili. Hawatanipa ya tatu."

Mama ndiye aliyewaendea wenzake. Nilimfuata nikiwa tayari kueleza, lakini alisimama katikati yao akasema yote kwa mkupuo: kwamba wageni wamedhani bwawa limekufa, kwamba lazima wachimbiwe waone, na kwamba msichana wake hajengi kitu huko, anakunja shuka za hoteli, na hii ndiyo nafasi yake ya kutoka kwenye shuka. Alisema la mwisho kwa sauti ile ile ya la kwanza.

Nikasubiri huruma, ambayo Mama huichukia.

"Shuka za watu ngapi?" akauliza susu mmoja, nyanya mkongwe kuliko wote katika mwethya.

"Hoteli nzima."

"Basi mgongo wake uko kwa kazi. Leteni jembe."

Mwenyekiti alikuwa bado kwenye lile la bwawa kufa. "Limekufa! Mimi nimesimama pale juu kwa leso ya harusi, nikisema kizungu, kumbe niko matangani?"

Mtoni niliwaomba jambo moja, na hapo wasiwasi wangu ulikuwa wa kufaa kwa mara ya kwanza maishani. Niliwaambia wachimbe karibu na ukuta, mahali ambapo ukuta na shimo vinaonekana pamoja, na kwamba nitapiga video bila kukata hata kidogo, toka jembe la kwanza mpaka maji, ili mtu asije akafikiri tumemwaga mtungi pembeni.

"Huyu anaogopa hata mchanga utamshtaki," mwenyekiti akasema.

"Visima vyetu ni pale chini ya kivuli," akasema mwingine. "Hapa ukutani hatujawahi kuchimba."

"Lakini ni bwawa moja," nikasema.

"Ni wewe msomi."

Nikaanza kupiga. Susu alitua jembe la kwanza kwa heshima, kisha wenye nguvu wakaingia. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, unarudi shimoni kadiri wanavyoutoa. Wakapanua mdomo wa shimo. Wakafika magotini, mchanga mkavu. Mvua za masika zilikuwa zimekuja haba mwaka huo, na za vuli zilikuwa bado. Nilijua hilo, sote tulijua, lakini nilikuwa sijalifikiria mpaka nilipokuwa nimeshika simu. Aliyekuwa ndani alifika kiunoni. Alitupa mchanga juu, nikauona kwenye kioo ukipeperuka. Mkavu.

Hakuna aliyefanya mzaha tena. Mama alikuwa amekunja mikono kifuani. Nilifikiri nizime. Nilifikiri tuhamie kivulini, tuseme hilo la kwanza lilikuwa jaribio. Nilifikiri kuhusu dada akiitazama dakika hii, na mkuu wake akimshukuru kwa upole. Nikaendelea kupiga.

"Mama yake," yule wa shimoni akasema, bila kuinua kichwa. "Msichana wako alituambia mwamba hapa uko mbali?"

"Alisema hapa ndipo ukuta ulikula mawe mengi."

"Basi bado tunakuja."

Akaendelea. Jembe likabadilika sauti kwanza. Kisha mchanga uliotupwa ukatua kwa kishindo kidogo badala ya kupeperuka, na ulikuwa na rangi ya sukari guru. Akaliweka jembe kando, akachota kwa bakuli, mara moja, mara ya pili, akangoja. Chini kabisa pakang'aa. Maji yalikuja polepole bila sauti, yakitokea pande zote kwa pamoja, mpaka yakafunika vidole vya miguu yake.

Susu akaomba bakuli. Akalijaza, akaacha mchanga utulie, akanywa mbele ya simu mpaka tone la mwisho, kisha akaligeuza bakuli juu chini ili waone.

"Waambie," akaniambia kwa Kikamba, "sisi hufungia maji yetu chini, ng'ombe wa jirani asiyaone."

Tuliituma nzima, na ilichukua saa nyingi za kukaa mlimani. Dada aliongea nao siku aliyosema. Aliwaeleza kwamba mchanga ule ndio ghala, kwamba jua haliyafikii maji yakiwa ndani, kwamba ukuta unajengwa ukijua utajaa. Alituambia mkuu wao aliirudisha ile sehemu ya jembe kubadilika sauti. Alimuuliza jinsi alivyojua mahali pa kuweka ukuta, naye akaeleza habari ya kile chuma na mwamba. Waliongea hivyo mpaka muda wao ukaisha na kupita.

Wakampa kazi. Haikuwa ya uinjinia, kwa sababu huko injinia lazima asajiliwe, na hilo lina njia yake ndefu. Ni ya ufundi: kupima maji kwenye mifereji, kuandika, kurudi. Na swali lilikuja hatimaye, kwenye simu ya kumpa habari njema. Aliwajibu kwamba ameomba na anangoja. Safari hii mkuu alisema basi tutafanya kazi mpaka kibali kitakapofika mwisho, na kama karatasi nyingine itakuwa haijaja, tutaongea.

"Kwa hivyo hujui," nikasema.

"Sijui."

"Na unaweza kulala?"

"Wakili, mimi hulala. Ni wewe."

Mama alichukua simu akauliza jambo moja tu, kama kazi hiyo ina shuka. Alipoambiwa haina, alirudisha simu akaenda kuwaambia wenzake, na safari hii sikumsikia akifunga mlango wowote.

Niko Sultan Hamud sasa. Makaratasi ya dada hayajatoka. Ombi langu bado liko kwenye ukurasa wa mwisho, lakini nimeacha kusoma maandishi ya watu wanaongoja kila jioni, angalau si kila jioni.

Juzi alituma video, nami nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa mapumziko, nikawaonyesha akina mama. Ilikuwa uwanda mweupe, bapa, hauna mti wala mnyama, na dada katikati amevaa koti la kumfanya awe kama gunia la makaa. Anasema yuko kazini, amesimama juu ya mto.

Mwenyekiti akaichukua simu, akaitazama karibu na jicho.

"Mto uko wapi?"

"Uko chini yake. Hiyo nyeupe ni barafu."

"Hapa hakuna mto. Huyo mtoto wamemdanganya. Ni nani amefagia hapo?"

Kwenye video dada akachukua chuma kirefu kama kile cha zamani, akakizungusha chini kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, bila kukata. Akina mama wakasogea. Mama alikuwa ameshika bega langu. Kisha chuma kikazama ghafla, na kwenye tundu lile maji meusi yakapanda taratibu, yakatanda juu ya ule weupe mpaka kwenye viatu vyake.

"Aa," mwenyekiti akasema, akanirudishia simu. "Hapo sawa."